Aliyeharibikiwa Njiani



Katika Torati ya Musa mna amri moja ambayo twaisoma mara chache kanisani, na yamkini wengine wetu hatujapata kuisikia ikihubiriwa hata mara moja. Yamhusu mtu aonaye punda wa adui yake ameshindwa na mzigo njiani: asimwache hapo, bali asaidiane na mwenyewe kumwinua (Kutoka 23:5). Katika Kumbukumbu la Torati agizo hilo larudiwa (22:4), ila hapo mnyama ni wa ndugu. Ukiziweka amri hizi mbili pamoja, utaona ya kuwa hakuna mwenye punda aliyeachwa nje, awe adui, awe ndugu. Tena Musa haulizi kama mwenye punda alimtwika kupita kiasi kwa tamaa yake, wala kama alikuwa amekwisha kuonywa. Punda yuko chini, hayo yatosha.

Siku hizi mizigo mikubwa ya nchi yetu haichukuliwi tena na punda, wala na mabega ya watu, bali na malori. Nayo malori huanguka njiani kama punda wale. Hapo ndipo swali linapotujia: Je! Mkristo aonaye gari limeharibika barabarani, imempasa kusimama? Na kama imempasa, ni siku zote, hata usiku, hata penye mwitu, hata akiwa na watoto wa watu ndani ya gari lake? Tunaliandika swali hili kwa sababu lilitupata sisi wenyewe, nasi hatukulijibu vema.

Ilikuwa mwezi wa Septemba, kiangazi kikali, nasi tulikuwa tukirudi Tabora kutoka upande wa Itigi kwa gari la usharika. Ndani tulikuwa watu sita, na wawili wao ni watoto wadogo wa mwinjilisti mmoja, ambao tulikabidhiwa tuwafikishe kwa mama yao. Jua lilikuwa limekwisha kutua. Kati ya Chaya na Nyahua, mahali ambapo miombo imesimama pande zote mbili wala huoni taa ya nyumba, tuliona matawi mabichi yamewekwa barabarani, na mbele yake lori kubwa limesimama gizani. Mtu mmoja akatoka kando ya lori akapunga mkono, na katika mkono wa pili ameshika dumu. Tulipunguza mwendo. Mmoja wetu akasema, “Tusisimame, hatujui waliomo vichakani.” Hakuna aliyembishia. Tukapita.

Tulifika Tabora, tukawakabidhi watoto, tukala, tukaomba sala ya jioni, tukalala. Twawaomba msomao mlishike neno hili, maana tutalirudia: katika maneno yote tuliyosema usiku ule mezani na katika sala, yule mtu mwenye dumu hakutajwa.

Asubuhi ikaja habari ya kwamba mzee mmoja wa usharika kule tulikotoka amefariki dunia, nasi tukageuza gari kwenda mazikoni. Lori lilikuwa pale pale. Kwa kuwa ni mchana, tulisimama. Kando ya gurudumu la mbele kulikuwa na majivu ya moto, na watu wawili wameketi. Mmoja ni dereva, mtu aliyetuzidi umri kidogo. Wa pili ni mzee mwenye kofia ya kiua, na karibu naye baiskeli iliyofungwa madumu mawili ya asali. Tukamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akaitikia, kisha kwa desturi ya kwao akatujulia hali kwa “Mwangaluka.” Dereva naye alitusalimu kwa adabu. Halafu akalitazama gari letu kwa kitambo, akauliza, “Baba Mchungaji, si gari hili lililopita jana saa mbili usiku?”

Tukajibu, “Ndilo.”

Akasema, “Nilikuwa nataka maji tu.”

Hakusema kwa hasira. Alitueleza ya kuwa alikuwa akipeleka saruji Kigoma. Rejeta ilitoboka tangu mchana, na kwa kutaka kufika penye watu aliyamimina humo maji yote ya kunywa, yakavuja yote, na injini ikachemka. Utingo wake alipata nafasi katika gari lililoelekea Itigi kutafuta fundi. Yeye akabaki kuulinda mzigo, koo limekauka, tangu saa nane hata usiku. Magari yaliyompita hakuyahesabu. Yule mzee ni mrina asali mwenye kambi yake mwituni; aliona mwanga wa tochi kwa mbali, akatoka kuja kuangalia. Alikuwa hana spana, hana mnyororo, wala hajui hata mahali rejeta inapokaa. Alikuwa na maji ya kumtosha mtu mmoja, akayagawa. Akampa asali. Akawasha moto, akalala hapo mpaka kukapambazuka, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, si vema mtu awe peke yake kwenye mwitu ule.

Nyuma ya gari letu usiku ule mlikuwamo dumu la maji la lita 20, limejaa.

Sasa na tuufikiri mwenendo wetu. Wahubiri wengi, nasi tumo, tukifika kwenye mfano wa Msamaria (Luka 10) twawapiga kuhani na Mlawi kwa fimbo bila kuwahoji. Lakini njia ile ya kutoka Yerusalemu kushuka Yeriko yashuka zaidi ya meta 1,000, katikati ya majabali na makorongo, na mtu aliyelala njiani amepigwa ni ushuhuda wa kwamba wanyang'anyi hawako mbali. Bwana Yesu hakutuambia kuhani alikuwa akifikiri nini. Yamkini alikuwa na watoto nyumbani. Yamkini alisema moyoni, ‘Hii ni hila.’ Nasi tulio katika nchi za magharibi twaujua woga huo. Kulikuwa na miaka ambapo mabasi ya mkoa wa Kigoma yalisafiri yakisindikizwa na askari wenye bunduki, na dereva mzoefu wa njia hizi hakosi kisa cha mtu aliyesimama kwa huruma akavuliwa hata viatu. Mtu akituambia ya kuwa woga wa namna hiyo ni ukosefu wa imani, twamshauri asafiri usiku kwanza, kisha aje ahubiri.

Tena wale watoto wawili hawakuwa wetu. Dr. Martin Luther, akiifafanua Amri ya Tano katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hafundishi tu ya kwamba tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali atuagiza kumsaidia katika kila hitaji la mwili. Katika Katekisimo Kubwa azidi kusema ya kwamba mwenye kumwacha mwenye njaa bila kumlisha, hali aweza, amehesabiwa kuwa muuaji. Maneno mazito haya. Walakini jirani yetu usiku ule hakuwa mmoja. Wawili walikuwa wamelala kiti cha nyuma. Je! Amri ile ile haikuwalinda na hao? Aliyekabidhiwa roho za watu hana ruhusa ya kuzitumia kwa kununulia sifa ya ukarimu wake. Kwa hiyo baada ya kuyatafakari sana, hatuthubutu kusema ya kwamba kutosimama kwetu kulikuwa dhambi. Labda kulikuwa, Mungu ajua. Lakini mtu mwingine akiwa mahali petu, na watoto wale, na giza lile, hatutamhukumu.

Basi tulikosa wapi? Tulikosa baada ya kupita. Mbele yetu palikuwa na vijiji. Tungaliweza kusimama penye taa ya kwanza tukasema, “Kuna mtu kule nyuma ana shida.” Tulikuwa na simu, zilipopata mawimbi tungaliweza kuwaarifu polisi, ambao wajua kwenda gizani wakiwa wengi na wenye silaha. Tungaliweza kupunguza mwendo zaidi kidogo, tukateremsha dumu la maji kwa dirisha, tukaendelea, bila mlango hata mmoja kufunguliwa. Hayo yote hayakuhitaji ushujaa. Woga ulitupa udhuru wa kutosimama. Sisi tukauchukua udhuru huo tukaufanya kuwa ruhusa ya kusahau. Nalo tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwenye kuogopa bado anamwona yule mtu, ndiyo maana anaogopa. Mwenye kusahau amekwisha kumfuta.

Tulipoyasimulia mambo haya mbele ya walimu na wainjilisti wetu, mmoja alisimama akatupinga, nasi twapenda kuliandika neno lake kwa kuwa lina nguvu. Alisema, “Mchungaji, mkifundisha hivyo, kila mtu ataogopa, kila mtu atapita, kila mtu atapiga simu, na yule mtu atakaa pale pale na simu ishirini zimekwisha kupigwa kwa ajili yake. Yule mzee wa asali hakupiga simu.” Tulinyamaza. Kwa kweli hatukuwa na jibu la kumshinda, wala hata leo hatuna lote. Lakini neno lake lilitukumbusha jambo la njia hii yenyewe, nalo ni jambo la kale.

Msomaji aliyepita kwa gari kati ya Manyoni na Tabora, lami nyororo chini ya magurudumu, yamkini hajui ya kuwa amekatiza nchi waliyoiita Mgunda Mkali. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na kuendelea hata Ujiji, mwendo upatao kilometa 1,200, iliiogopa nchi hiyo kuliko nyingine, kwa ukame wake. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua kila mmoja mzigo wa kilo 30 hivi, mbali na jungu lake na mkeka wake. Palipokuwa hapana maji walifanya terekeza, yaani waliondoka mchana jua likiwa kali, wakaenda hata usiku, wakalala bila maji ili wayafikie siku ya pili. Aliyeanguka katika terekeza alikuwa katika hatari ya kufa. Misafara midogo ilikuwa na desturi ya kungojana na mikubwa kabla ya kuingia nchi za hatari, maana walijua ya kuwa jambo ambalo mtu mmoja hawezi, wala watu kumi hawawezi, mia mbili waliweza.

Hapo ndipo twaona njia ya kumjibu yule mwinjilisti, walau nusu. Woga wa mtu mmoja ni halali, lakini woga wa usharika mzima si halali. Gari moja laogopa kusimama. Magari mawili yakisimama pamoja, woga umepungua zaidi ya nusu. Nyumba moja kando ya barabara haithubutu kumfungulia mgeni saa sita za usiku. Lakini usharika wenye kanisa kando ya barabara, wazee wake wakikubaliana, waweza kuwa na mtungi wa maji, na taa, na vijana wawili watatu wanaojulikana kwa mwenyekiti wa kijiji, watakaokwenda pamoja kuangalia. Msamaria naye hakumpeleka majeruhi nyumbani kwake. Alimpeleka penye nyumba ya wageni, penye mtu mwingine wa kusaidiana naye. Twawauliza wazee wa sharika zilizo katika barabara kuu: Je! Msafiri akiharibikiwa mbele ya kanisa lenu usiku wa leo, ajua mlango gani agonge?

Tusije tukadhani ya kuwa watu wa misafara walikuwa wema kuliko sisi. Njia hii ilichukua pembe, na pamoja na pembe ilichukua watumwa, na waliochoka waliachwa. Miembe ya Tabora na Ujiji, ambayo twapumzika chini ya kivuli chake, ni ukumbusho wa biashara ile pia. Lakini katika njia hiyo hiyo yalitendeka mambo mawili ambayo mtu akiyafikiri sana yatamfundisha juu ya swali letu.

La kwanza lilitendeka Ujiji mwezi wa Oktoba 1871. Dr. Livingstone aliingia mji ule akitoka Manyema, mgonjwa, amekonda, akitumaini kukuta mali aliyoletewa kutoka pwani. Akakuta mali yote imekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa kuitunza. Alikuwa ameharibikiwa kabisa. Hakuwa na nguo za kutosha za kununulia chakula, wala hakuwa na njia ya kurudi. Katika daftari lake aliandika ya kwamba alijiona kama mtu yule wa njia ya Yeriko, ila yeye hakutumaini ya kuwa hata kuhani au Mlawi atapita, sembuse Msamaria. Lakini asubuhi moja Mwarabu mmoja, jina lake Said bin Majid, alipomwona yu peke yake, alimwambia ya kuwa hana bidhaa wakati ule, ila ana pembe. Akamwomba akubali auze baadhi ya pembe hizo ampe yeye thamani yake. Livingstone akashukuru, akamjibu kwamba bado, labda baadaye. Siku chache tu zilipita, akafika Stanley na msafara wake, na habari ya Stanley ikajaa dunia nzima. Habari ya Said bin Majid waijua wachache.

Tazameni jinsi alivyofanya. Alingoja mpaka wawe wawili peke yao, asimwaibishe mtu mzima mbele ya watu. Hakutoa udhuru wa kukosa bidhaa, bali alitafuta katika vitu alivyo navyo kile kiwezacho kugeuzwa kuwa msaada. Tena aliomba ruhusa ya kusaidia, kana kwamba yeye ndiye mhitaji. Na huyu alikuwa mtu wa biashara ile ya pembe ambayo Livingstone aliiona imejaa damu. Neno hili latusumbua, wala hatutaki kulilainisha. Bwana Yesu alipomchagua Msamaria awe kielelezo hakuwa akiisifu dini ya Wasamaria. Alikuwa akimwonyesha mwana-sheria mahali ambapo jirani alipatikana kweli. Nasi tulimkuta jirani yetu kando ya majivu, na kofia ya kiua kichwani.

La pili lilitendeka Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora, palipo na tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872 akingojea wapagazi. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, walimzika moyo wake huko, wakaukausha mwili, wakauchukua kuupeleka pwani. Mwezi wa Oktoba mwaka ule walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Huyu aliwashauri wamzike papo hapo, kwa kuwa njia iliyo mbele ina hatari. Lilikuwa shauri la busara, nalo lilitoka kwa afisa. Wao wakakataa. Wakaendelea hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874, na mwezi wa Aprili akazikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Kwa nini twalitaja? Kwa sababu bwana wao alikuwa amekufa, wala hakuna aliyewadai. Udhuru walikuwa nao, tena umetiwa muhuri na mwenye cheo. Hawakuutumia. Hatusemi kila mtu angepaswa kufanya vile. Twasema tu ya kwamba udhuru mzuri si lazima utumiwe kwa sababu ni mzuri.

Lipo neno la malipo, nalo huleta ugomvi katika vijiji vya kando ya barabara. Wengine husema ya kuwa Mkristo akimsaidia aliyeharibikiwa asipokee hata senti. Sisi hatukubali. Yule mwenye nyumba ya wageni katika mfano alilipwa dinari mbili, akaahidiwa na nyingine, wala Bwana hakumlaumu. Fundi aachaye kazi yake na kwenda kilometa 20 kwa pikipiki na spana zake ana watoto wa kulisha. Ubaya hauko katika malipo bali katika kipimo chake. Luther katika maandiko yake juu ya biashara na riba, ya mwaka 1524, aliwakemea wafanya biashara waliojiwekea kanuni ya kuuza kwa bei yo yote wawezayo kuipata, hata wakaufanya uhitaji wa jirani kuwa ndio unaopandisha bei. Basi chupa ya maji iliyouzwa asubuhi dukani kwa bei ya watu wote, na jioni ikauzwa mara tano kwa mtu ambaye injini yake imekufa, katika ile nyongeza hakuna maji. Mna shida ya mtu tu. Na kijana achimbaye shimo wakati wa masika ili malori yakwame apate ujira wa kuyasukuma, huyo hatuna haja ya kumtafutia amri, mwenyewe aijua.

Iko na tamaa nyingine iliyo mbaya kuliko bei. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, na watu wengi wakalikimbilia kuchota petroli iliyomwagika. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Hatuandiki ili kuwahukumu marehemu, kwa maana wengi wao walikuwa maskini, na wengine walikuwa wapita njia tu. Lakini desturi ya kulikimbilia gari lililoanguka, macho yakitafuta mzigo kwanza na dereva baadaye, haikuanza siku ile, wala haikuisha. Wainjilisti wa sharika za barabarani wanajua ya kuwa mifuko ya sukari iliyookotwa kwenye lori lililopinduka imepata kuingia hata nyumba za washarika. Wakiinyamazia, mahubiri yao juu ya Amri ya Saba yatasikika kama upepo.

Hata sasa tumesema juu ya mpita njia. Lakini mwenye punda naye ana wajibu wake. Walimu wa Kiyahudi wa kale, katika kitabu chao kiitwacho Mishna, waliitazama sana ile amri ya punda, wakasema: mwenye mnyama akienda kuketi kando na kumwambia mpita njia, ‘Amri ni yako, haya, inua,’ basi mpita njia hana deni tena, kwa kuwa Torati imesema wasaidiane. Ila akiwa ni mzee au mgonjwa, deni lipo. Tumeipenda hukumu hiyo. Dereva asafiriye bila jeki, bila tairi ya akiba, bila pembetatu za kumulika, amekwisha kuandika jina la mtu mwingine katika shida yake ijayo. Na matajiri wenye malori, wanaomtuma mtu safari ya siku tatu na rejeta iliyozibwa kwa sabuni, wao hawalali mwituni.

Tena yako yale mawe. Kila asafiriye katika nchi yetu ameyaona. Lori likiharibika, utingo hukusanya mawe makubwa akayaweka nyuma ya magurudumu lisirudi nyuma, na mengine huyapanga barabarani pamoja na matawi, kuwaonya wajao. Ni vema. Kisha watu wema husimama, maji hutolewa, mnyororo hufungwa, injini huwaka, watu hushikana mikono na kushukuru. Na lori huenda zake, na mawe hubaki katikati ya njia. Usiku huo mwendesha bodaboda, baba wa watoto, huyakuta. Yaani mtu amepokea rehema kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto amemwachia mwingine kifo, wala hajui. Twamwuliza kila dereva mshiriki asomaye haya: umepata kusaidiwa mara ngapi, nayo mawe umeyaondoa mara ngapi?

Siku ile ya Septemba hatukuwa na la kufanya ila kumpa dereva dumu zima la maji, na kungoja pamoja naye kwa kitambo kabla ya kwenda mazikoni. Tulitaka kumpa yule mzee fedha kidogo kwa ajili ya asali aliyoigawa. Akakataa, akasema asali ni ya nyuki. Adhuhuri utingo akarudi na fundi, na tulipopita tena jioni lori lilikuwa limeondoka.

Tangu hapo twachukua mnyororo, na maji, na pembetatu mbili. Watu hutuuliza kama sasa twasimama usiku. Mara nyingine twasimama. Mara nyingine hatusimami, nasi twapiga simu, kisha twarudia kupiga mpaka tujue kama mtu alikwenda. Mwezi uliopita, tukitoka Nzega saa tatu usiku, tuliona tena matawi mbele ya taa zetu, na mioyo ikaanza kupiga. Tukapunguza mwendo. Hapakuwa na lori wala mtu, ila mawe sita makubwa, na alama ya mafuta katika lami. Tukawasha taa za kuonya, tukateremka wawili, tukayaviringisha yote hata mtaroni.